Mashine ya karakana isifungwe kwa kompyuta moja

SIKU hizi si ajabu kupita katika maeneo ya maseremala kama Keko, jijini Dar es Salaam, na kukuta mashine ikichonga mlango yenyewe huku fundi amesimama pembeni akiitazama. Nakshi iliyokuwa ikimchukua fundi siku kadhaa kwa patasi na nyundo sasa humalizika ndani ya saa chache. Mashine za namna hiyo, maarufu kwa jina la CNC, zimeingia pia katika karakana za chuma, ambako hukata bamba za mashine za kupukuchulia mahindi na za kukatia majani ya ng'ombe. Katika maduka ya mabango, leza hukata plastiki na mbao nyembamba kwa kufuata mchoro uliotoka kwenye kompyuta.

Wengi wanaonunua mashine hizo huangalia ukubwa wa meza, nguvu ya mota na bei. Kompyuta huachwa hadi mwisho, mara nyingi baada ya fedha kwisha. Ndipo ubishi unapoanza: itumike Windows, Linux au Macintosh? Kila upande hujibu kwa ushabiki kama wa Simba na Yanga, na mwenye karakana hubaki njia panda, au hununua kile alichonacho jirani.

Ubishi huo huanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuchagua aina ya kompyuta, mwenye karakana anapaswa kujiuliza swali moja la kibiashara: kompyuta hii ikifa leo jioni, mashine itafanya kazi kesho asubuhi? Kama jibu ni hapana, basi mtaji wote uliowekwa katika mashine umefungwa kwenye kifaa kinachoweza kuharibiwa na vumbi la mbao, umeme wa kupanda na kushuka, au kijana aliyechomeka flashi yenye virusi.

Oda ya mizinga 200

Mfano unaoeleweka vizuri kwa wakulima ni mizinga ya kisasa ya nyuki. Mwaka 1851 mchungaji wa Marekani aitwaye L. L. Langstroth alitambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya kupita yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Nafasi ikiwa ndogo zaidi huiziba kwa gundi yao. Ikiwa kubwa zaidi hujenga masega humo. Mwaka uliofuata alipata hataza ya mzinga wenye fremu zinazotoka, na mizinga ya aina hiyo ndiyo inayotumika leo sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo, kosa la milimita chache katika sanduku au fremu linatosha kumfanya mfugaji ang'oe fremu kwa nguvu na kupasua masega kila anapofungua mzinga.

Hapo ndipo mashine inayoongozwa na kompyuta inapomfaa fundi. Karakana ikipokea oda ya mizinga 200 kutoka kwa kikundi cha wafugaji, na kila mzinga una fremu 10, hizo ni fremu 2,000. Kila fremu ina vipande vinne vya mbao, yaani vipande 8,000 ambavyo vyote vinatakiwa kulingana. Kwa msumeno wa mkono kazi hiyo ni mateso. Mashine huifanya bila kuchoka.

Sasa ikiwa katikati ya oda hiyo kompyuta ya zamani iliyokuja na mashine ikazima na isiwake tena, hatua ya kawaida ni kwenda Kariakoo kununua nyingine. Kompyuta mpya itakuwa na kasi kubwa kuliko ile iliyokufa. Tatizo ni kwamba mashine nyingi zilizoingizwa kutoka China miaka ya nyuma ziliunganishwa na kompyuta kwa kadi ya PCI, au kwa ile soketi ndefu ya printa yenye pini 25. Kompyuta nyingi za sasa hazina nafasi ya kadi hiyo wala soketi hiyo. Mashine ni nzima na kompyuta ni nzima, lakini haviwezi kuunganishwa.

Wakati fundi akihangaika kutafuta kompyuta chakavu inayofaa, wafugaji wanataka mizinga ipandishwe mitini kabla ya miti kuchanua. Maua hayasubiri. Fedha ya awali imeshaishia kwenye mbao, vibarua wanadai, na kikundi kinaanza kumtafuta fundi mwingine. Hasara ya namna hiyo haionekani katika bei ya kompyuta, lakini ndiyo inayoua karakana ndogo.

Kazi tatu ndani ya moja

Ili kuchagua vizuri, ni muhimu kutambua kwamba kompyuta ya karakana hufanya kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kuchora. Ya pili ni kugeuza mchoro kuwa njia atakayopita kisu, yaani kuamua kiingie kina gani, kianzie wapi na kiende kwa mwendo gani. Ya tatu ni kuziendesha mota zenyewe.

Kati ya kazi ya pili na ya tatu kuna lugha ya herufi na namba inayojulikana kama msimbo wa G. Chimbuko lake ni katika majaribio ya mashine zilizoongozwa kwa namba katika chuo cha MIT cha Marekani miaka ya 1950. Sentensi kama "G1 X200 F1500" humwambia kisu aende kwa mstari ulionyooka hadi milimita 200, kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika. Lugha hiyo ni maandishi ya kawaida. Huweza kuandikwa kwenye kompyuta yoyote, ikahifadhiwa kwenye flashi na kusomwa na mashine nyingi, ingawa kila aina ya mashine ina lahaja yake kidogo.

Kazi mbili za kwanza hazina haraka. Kompyuta ikikwama wakati wa kuchora, mchoraji husubiri au huiwasha upya. Kazi ya tatu ni tofauti kabisa. Mota ya kawaida ya mashine hizi huzunguka kwa kupokea mapigo ya umeme. Ikiwa imepangwa kupokea mapigo 1,600 kwa mzunguko mmoja, na skrubu yake husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, basi kila milimita inahitaji mapigo 320. Kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, yatahitajika mapigo 16,000 kila sekunde, tena kwa mpangilio usiotetereka. Kompyuta ikijisahau kidogo kwa sababu programu ya kuzuia virusi imeamka, au kwa sababu imeanza kupakua kitu kwenye intaneti, mota hushtuka na kupoteza hatua. Kuanzia hapo kila kipande hukatwa pembeni ya pale kilipotakiwa, na mbao ya mninga imeharibika.

Windows na mitego yake

Kwa kazi ya kuchora, ni vigumu kushindana na Windows katika mazingira ya hapa. Kila mtaa una fundi anayeweza kuitengeneza, vijana waliosoma stashinari wanaijua, na programu nyingi za uchongaji zimetengenezwa kwa ajili yake. Aspire na VCarve za kampuni ya Vectric, ambazo hupendwa na wachongaji wa milango na mabango, hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Seremala anayeanza leo hana sababu ya kuikimbia.

Mtego wake ni pale Windows inapoachiwa pia kuendesha mota. Programu ya Mach3, iliyosambaa sana katika mashine ndogo, ilitegemea soketi ya printa na Windows ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32. Windows XP ilikoma kuhudumiwa na Microsoft Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo karakana inayotegemea mpango huo inaishi kwa kompyuta ambazo hupungua sokoni kila mwaka. Zipo kadi za USB na za waya wa mtandao zinazoiwezesha Mach3 kufanya kazi katika kompyuta mpya zaidi, na mwenye mashine ya zamani anaweza kuzitafuta kabla mambo hayajaharibika.

Mtego wa pili ni programu zisizo na leseni. Nakala za ArtCAM zilizovunjwa zimezunguka mikononi mwa mafundi kwa miaka mingi, kutoka flashi moja hadi nyingine. Mbali na kuwa kinyume cha sheria na kubeba virusi, programu yenyewe ilishafika mwisho. Autodesk ya Marekani iliinunua kampuni ya Delcam, iliyokuwa ikiitengeneza, mwaka 2014, na mwaka 2018 ikaacha kuiendeleza. Kazi hiyo iliendelezwa na kampuni nyingine ya Uingereza kwa jina la Carveco. Fundi mwenye mamia ya michoro iliyohifadhiwa katika mtindo wa ArtCAM pekee amejikuta akimiliki ghala ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Somo hapo ni kuhifadhi kila mchoro mara mbili: katika mtindo wa programu husika, na katika mtindo unaofunguliwa na programu nyingi, kama DXF au SVG kwa michoro bapa na STL kwa nakshi zenye mwinuko. Kazi hiyo huchukua dakika mbili tu.

Linux si bure kwa kila mtu

Wanaoipigia debe Linux wana hoja nzito. Programu ya LinuxCNC, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990, hutolewa bure na huendesha mota kwa mfumo uliorekebishwa ili mapigo yasichelewe. Hufanya kazi hata katika kompyuta ya mezani iliyotumika, haimlazimishi mtu kujisajili, na haijiwashi upya usiku kwa ajili ya masasisho kama mwenyewe hakuiruhusu. Kwa mashine za kukata chuma kwa plazma ina sehemu maalumu ya kusimamia urefu wa kichwa cha moto juu ya bamba, jambo ambalo ni la lazima kwa sababu bamba hupinda likipata joto.

Hata hivyo, bure ya Linux inalipiwa kwa muda na maarifa. Kuipanga LinuxCNC ili ielewane na mashine fulani kunahitaji mtu anayefahamu nyaya, swichi na mipangilio yake. Karakana yenye kijana wa namna hiyo imepata hazina, na haina haja ya kununua kitu kingine. Karakana isiyo naye, na iliyoko mbali na mji, itajikuta ikimtegemea mtu mmoja anayekuja mara moja kwa mwezi. Huyo naye akipata ajira kwingine, hali inakuwa ile ile ya kompyuta iliyokufa.

Kwa upande wa kuchora, Linux imepiga hatua. FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 Novemba 2024, na Inkscape ni za bure na hufanya kazi katika Windows, Linux na Macintosh. Zinamfaa sana mtengenezaji wa mashine za kilimo anayechora bamba na matundu ya bolti. Kwa nakshi za maua ya mlango wa kifahari, mchongaji bado atapata nafuu zaidi kwenye programu za Windows.

Macintosh haihitaji maneno mengi. Ni kompyuta imara na huchora vizuri. Fusion ya Autodesk, kwa mfano, hufanya kazi humo kama inavyofanya katika Windows, ingawa matumizi ya kibiashara hulipiwa kwa mwaka na huhitaji intaneti. Lakini programu nyingi za uchongaji na za kuendesha mashine hazikutengenezwa kwa ajili yake, vipuri vyake ni ghali, na mafundi wake ni wachache nje ya miji mikubwa. Mwenye nayo tayari aitumie kuchorea. Kuinunua kwa ajili ya karakana ni kupoteza mtaji ambao ungenunua mbao.

Kidhibiti kinachojitegemea

Njia inayoifaa zaidi karakana ndogo ni kuzitenganisha kazi hizo tatu. Kuchora na kupanga njia ya kisu kufanyike kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows, ikiwezekana ikiwa ofisini mbali na vumbi. Kazi ya kuziendesha mota iachiwe kidhibiti kinachojitegemea, ambacho hukaa kwenye mashine, husoma faili kutoka kwenye flashi na kutoa mapigo yenyewe. Vipo vya kushikwa mkononi kama simu ya zamani kwa mashine za mbao, na mashine nyingi za leza huja na vya kwao vinavyohifadhi kazi ndani.

Faida yake inaonekana siku ya matatizo. Kompyuta ya kuchorea ikifa, kazi iliyopo kwenye flashi inaendelea kukatwa wakati nyingine ikitafutwa, na hiyo nyingine inaweza kuwa kompyuta yoyote ile. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vidhibiti vingi vya namna hiyo hukumbuka vilipoishia. Tahadhari inabaki palepale, kwamba mota za kawaida hazijui zilisukumwa wapi zikiwa hazina umeme, hivyo mashine iwe na swichi za kuanzia zinazoiwezesha kurudi mahali palepale kila inapowashwa.

Wapo watakaosema kidhibiti nacho kinaweza kuungua, na kuagiza kingine kutoka nje huchukua wiki. Hiyo ni kweli. Lakini kidhibiti ni kipande kimoja, na karakana inayoishi kwa mashine yake inaweza kujiwekea cha akiba kama mwenye daladala anavyoweka tairi la ziada. La muhimu ni kuandika mipangilio yake kwenye daftari: mapigo kwa kila milimita, mwendo wa juu wa kila upande na mahali pa kuanzia. Bila namba hizo, hata kidhibiti kipya hakitasaidia hadi mtu akae apime upya.

Kwa hiyo, mchongaji wa mbao na mtengeneza mabango wachukue Windows kwa kuchora na kidhibiti kinachojitegemea kwa kukata. Mkata chuma kwa plazma achague kidhibiti chenye usimamizi wa urefu wa kichwa cha moto au, akiwa na kijana anayeiweza, LinuxCNC katika kompyuta mbili za mezani zinazofanana, moja ikiwa ya akiba. Kompyuta yoyote iliyounganishwa na mashine isiunganishwe na intaneti wala kutumika kuangalia picha na muziki.

Maswali kabla ya kulipa

Wauzaji wengi hupenda kumwonyesha mteja mashine ikichonga ua la kupendeza, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei. Mnunuzi asione haya kuuliza. Je, mashine inaunganishwa kwa waya gani, na waya huo unapatikana kwenye kompyuta zinazouzwa leo? Je, inaweza kukata bila kompyuta? Je, muuzaji anatoa nakala ya mipangilio na leseni halali ya programu? Je, kuna mtu hapa nchini anayeweza kuitengeneza? Na mwisho amwombe muuzaji aichomoe kompyuta iliyopo, alete nyingine, na mashine ikate tena mbele ya macho yake. Muuzaji anayekwepa jaribio hilo ameshatoa jibu.

Vyuo vya VETA na SIDO, ambavyo kwa miaka mingi vimewasaidia mafundi wadogo, vingefanya jambo jema kuweka mkazo katika msimbo wa G wenyewe badala ya kumfundisha kijana kubofya vitufe vya programu moja. Programu hufa kama ilivyokufa ArtCAM. Kijana anayejua kusoma mistari ya msimbo huo anaweza kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine, na anaweza kugundua kosa kabla kisu hakijagusa mbao.

Mkulima anayeagiza mizinga au mashine ya kukatia majani hatajali kama karakana inatumia Windows au Linux. Anachotaka ni kupata mzigo wake kabla ya msimu, vipande vikiwa vimelingana, na mwakani akivunjika bamba moja apate lingine la kipimo kilekile. Karakana itakayoweza kumhakikishia hilo ni ile ambayo michoro yake imehifadhiwa vizuri na mashine yake haimsubiri mtu aende Kariakoo kutafuta kompyuta ya mwaka 2005.